Mtaala wa Sekondari kwenye Mwambao wa Rumonge: Mchikichi, Ziwa na Mtihani

Kijitabu cha elimu kwa wazazi, walimu na wajumbe wa kamati za shule

Mtaala ni nini

Mtaala ni mpango mzima wa elimu ya ngazi fulani: unaeleza mwanafunzi anatarajiwa kujua nini na kuweza kufanya nini anapoimaliza ngazi hiyo, atafundishwa kwa njia gani, kwa vifaa vipi na kwa muda gani, na kwa kipimo kipi itajulikana kwamba amejifunza kweli. Muhtasari wa somo, yaani hati inayopanga mada za mwaka kwa utaratibu wa kufuatana, ni sehemu moja tu ya mpango huo, sawa na kitabu cha kiada, ratiba ya wiki na mtihani wa mwisho. Kwa hiyo mzazi anayesikia kwamba mtaala umebadilishwa, akadhani kwamba kilichobadilika ni vitabu tu, ameona kipande kidogo cha jambo lenyewe.

Ralph Tyler, mtaalamu wa elimu wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1949 bado kinatumiwa na waandaaji wa mitaala katika nchi nyingi, aliweka maswali manne ya msingi: shule inataka kufikia malengo gani, ni shughuli zipi za kujifunza zitakazowafikisha wanafunzi huko, shughuli hizo zipangwe vipi, na itajulikanaje kwamba malengo yamefikiwa. Maswali hayo yanaonekana mepesi, lakini yakijibiwa na watu mbalimbali katika ofisi mbalimbali, majibu yake huachana njia. Ndiyo maana wataalamu hutenganisha mitaala mitatu. Kuna mtaala ulioandikwa, ambao hutoka wizarani. Kuna mtaala unaofundishwa, ambao hutegemea mwalimu, vitabu vilivyopo na wingi wa wanafunzi darasani. Na kuna mtaala unaopimwa, ambao hujitokeza siku ya mtihani. Mitaala hiyo mitatu ikipingana, wanafunzi na wazazi hufuata ule wa tatu, wala si haki kuwalaumu, kwa kuwa ndio unaoamua nani ataendelea na masomo na nani atarudi nyumbani.

Kijitabu hiki kinalichukua jambo hilo na kulitazama Rumonge na kwenye mwambao wa Burundi wa ziwa Tanganyika, kuanzia Muhuta upande wa kaskazini hadi Nyanza-Lac upande wa kusini. Hoja yake ni kwamba mtaala wa Burundi wa sasa una nafasi ya kutosha ya kuingiza ziwa, mchikichi na lugha ya mwambao darasani bila kuongeza somo hata moja, lakini nafasi hiyo itabaki tupu mpaka mtihani wa taifa uanze kuuliza mambo ya aina hiyo.

Burundi ilivyofika hapa

Mwaka 1973 serikali ya Burundi iliamua kwamba shule za msingi zifundishe kwa Kirundi na kwamba masomo yafungamane na kilimo na maisha ya vijijini, ambako wananchi karibu wote waliishi. Sekondari haikuguswa sana na uamuzi huo: iliendelea kwa Kifaransa, ikawa njia ya wachache waliochujwa kwa mtihani wa taifa mwishoni mwa darasa la 6. Mwaka 2005 ada ya shule za msingi ilifutwa na madarasa yakafurika, na haikuchukua miaka mingi kabla ya kizazi hicho kufika kwenye mlango wa sekondari, ambao haukuwa umejengwa kwa ajili ya watu wengi kiasi hicho. Katika kipindi hicho hicho, Burundi ilipokuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, hatua iliyokamilika Julai 2007, Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule za msingi kuanzia madarasa ya chini, na mtoto wa Burundi akawa na lugha nne za kujifunza tangu utotoni.

Sheria namba 1/19 ya tarehe 10 Septemba 2013 ndiyo iliyobadilisha umbo zima la elimu. Kabla yake mwanafunzi alisoma miaka 6 ya msingi, miaka 4 ya ngazi ya kwanza ya sekondari, na miaka 3 ya ngazi ya juu. Baada yake, elimu ya msingi ilirefushwa hadi miaka 9, ikagawanywa katika mizunguko minne, na mzunguko wa nne, wenye darasa la 7, la 8 na la 9, ukachukua nafasi ya sekondari ya chini. Wanaofaulu mtihani wa taifa wa darasa la 9 huingia katika elimu ya baada ya msingi ya miaka 3, ambayo shule zake watu wengi bado huziita lise, au katika shule za ufundi. Kundi la kwanza la mpango huo lilifika lise mwaka 2016.

Badiliko lililowagusa walimu zaidi lilikuwa la nyanja, yaani mpango wa kuunganisha masomo yenye udugu yakafundishwa kama eneo moja la maarifa. Badala ya fizikia, kemia na biolojia kusimama kila moja peke yake katika mzunguko wa nne, ziliwekwa pamoja chini ya sayansi na teknolojia. Historia, jiografia na uraia zikaingia katika sayansi za jamii. Lugha nne zikawa nyanja moja. Na ujasiriamali, ambao ni elimu ya kubuni, kuendesha na kuhesabu shughuli ya kujipatia kipato, ukapewa nafasi yake. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, kwa sababu maisha hayaji yamekatwa katika vipindi vya kemia na vipindi vya jiografia. Kosa lilikuwa katika utekelezaji: mwalimu aliyesomea historia peke yake alijikuta akiwajibika kwa jiografia, na aliyesomea biolojia akatakiwa kueleza mkondo wa umeme, mara nyingi baada ya mafunzo mafupi na kwa vitabu visivyotosha. Zaidi ya hayo, darasa la 7 lilifunguliwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, ambako hakukuwa na maabara, wakati maabara chache zilizokuwepo zilibaki kwenye lise.

Ugumu huo si wa Burundi peke yake. Kenya ilipofungua sekondari ya chini ya mtaala wake mpya Januari 2023, madarasa ya 7, 8 na 9 yaliwekwa katika shule za msingi, na malalamiko ya maabara na walimu yakafanana mno na yale yaliyokwisha kusikika Burundi miaka kumi kabla. Inashangaza kwamba nchi mbili za jumuiya moja zilijifunza somo hilo hilo kila moja kwa gharama yake.

Kiswahili cha mwambao

Rumonge ina jambo ambalo shule nyingi za nyanda za juu hazina: mtoto huja shuleni akiwa tayari anakijua Kiswahili, au angalau akiwa amekizoea sokoni, bandarini na msikitini. Lugha hiyo ilifika mwambaoni pamoja na biashara ya karne ya 19 iliyokuwa na kitovu chake Ujiji, na katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa kwenye fukwe za kaskazini mwa ziwa. Wamisionari wa Kikatoliki, Mapadre Weupe, waliofungua kituo Rumonge mwaka 1879 na kukipoteza mwaka 1881 wenzao watatu walipouawa, walikikuta Kiswahili kikitumika. Utawala wa Wajerumani ulikitumia kazini. Utawala wa Wabelgiji ulielekeza shule kwenye Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili kikaachwa kwa wafanyabiashara, Waislamu na wakazi wa mitaa ya mjini kama Buyenzi, Bujumbura. Kwa hiyo lugha iliyokuwa ikisemwa mwambaoni tangu karne ya 19 ilisubiri hadi karne ya 21 kupata kipindi cha kudumu darasani.

Muhtasari wa Kiswahili wa taifa umeandikwa kwa kumfikiria zaidi mtoto anayekutana na lugha hiyo shuleni tu, na hilo linaeleweka, kwa kuwa watoto wa namna hiyo ndio wengi nchini. Hata hivyo, mtoto wa Rumonge anayeamkia wakubwa kwa Kiswahili kila asubuhi hana haja ya kufundishwa salamu upya katika darasa la 7. Anachokosa ni kingine kabisa: kuandika kwa mpangilio, kutofautisha lugha ya gatini na lugha ya barua rasmi, kusoma maandishi marefu ya habari na sayansi, na kujua upatanisho wa kisarufi ambao Kiswahili cha mwambao huurahisisha. Mwalimu anayempa kazi ya kuandika taarifa ya mkutano wa ushirika wa wavuvi anatimiza lengo lile lile la muhtasari, ambalo ni kuwasiliana kwa maandishi, lakini anaanzia pale mwanafunzi alipo.

Wapo pia watoto ambao historia iliwapa Kiswahili kwa njia chungu. Machafuko yaliyoanza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji yaliyofuata nchini kote, yaliwafukuza watu wengi hadi Tanzania, ambako waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao wakasoma shule za msingi za Tanzania kwa Kiswahili. Makumi ya maelfu kati yao walirudi Burundi kuanzia mwaka 2008, wengi wakiwa na watoto waliozaliwa uhamishoni, huku waliobaki wakipewa uraia wa Tanzania. Mwanafunzi aliyerudi akiwa na miaka 13, anayejua hesabu za darasa lake lakini hajui Kifaransa, mara nyingi alirudishwa madarasa mawili au matatu nyuma, na wengine waliacha shule kwa aibu ya kukaa na wadogo zao. Waliokimbia kuanzia mwaka 2015 na kusoma katika kambi za Nduta na Nyarugusu walifuata mtaala wa Burundi, hivyo tatizo lao la lugha ni dogo zaidi, ingawa lao pia lipo.

Dawa iliyo karibu ni darasa la daraja, yaani muda maalumu wa miezi kadhaa ambamo mwanafunzi hufundishwa Kifaransa kwa nguvu huku akiendelea na hesabu na sayansi kwa lugha anayoielewa. Hapa vitabu vya sayansi vya shule za msingi za Tanzania vina faida ya moja kwa moja, kwa kuwa maneno kama usanisinuru, uvukizi na mmeng'enyo yamo humo yakiwa yameelezwa kwa Kiswahili chepesi, na mwalimu wa Rumonge anaweza kuyatumia kama ngazi ya kufikia istilahi za Kifaransa. Kutumia lugha ya mtoto kueleza jambo gumu hakuvunji sheria yoyote ya lugha ya kufundishia. Kinachovunja masomo ni ukimya wa darasa.

Mchikichi unaweza kufundisha nini

Hakuna kitu mwambaoni kinachofaa zaidi kuonyesha maana ya nyanja kuliko mchikichi, ambao umeifanya Rumonge ijulikane kwa mawese nchini kote. Sehemu hii inaeleza kwa kirefu jinsi zao hilo linavyoweza kubeba mada ambazo tayari zimo katika muhtasari, bila kuongezwa hata moja.

Mada ya urithi, yaani jinsi sifa za mzazi zinavyopita kwa uzao, kwa kawaida hufundishwa kwa mfano wa njegere za mtafiti Mendel. Mfano huo ni sahihi, lakini njegere alizozichunguza Mendel ziko mbali na macho ya mwanafunzi wa Rumonge, na mchikichi unaeleza kanuni hiyo hiyo kwa kitu kinachouzwa kila siku ya soko. Kuna michikichi ya aina ya dura, ambayo kokwa yake ina ganda nene na nyama kidogo ya mafuta, na ya aina ya pisifera, ambayo haina ganda na kwa kawaida huzaa matunda kidogo sana au haizai kabisa. Zikichavushwa pamoja hutoa tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi, na hii ndiyo wakulima huitafuta. Watafiti Beirnaert na Vanderweyen, waliofanya kazi katika kituo cha kilimo cha Yangambi nchini Kongo, walieleza mwaka 1941 kwamba unene wa ganda hutawaliwa na jozi moja tu ya jeni, ambazo ni vibeba sifa za urithi.

Matokeo yake kwa mkulima ni makubwa. Anayeokota miche iliyoota yenyewe chini ya mti wake bora wa tenera, akiamini kwamba ubora wote utarithiwa, anajidanganya: chavua ikiwa imetoka kwenye tenera mwenzake, takriban robo ya miche itakuwa dura, nusu itakuwa tenera, na robo itakuwa pisifera isiyo na faida; chavua ikiwa imetoka kwenye dura, nusu ya miche itakuwa dura. Hasara hiyo haionekani mpaka miti ianze kuzaa, miaka kadhaa baada ya kupandwa, wakati shamba limekwisha kujaa. Mwanafunzi wa lise anayeelewa hesabu hiyo anaweza kumwokolea mzazi wake miaka ya kazi. Zoezi lenyewe halihitaji maabara: wanafunzi hukusanya kokwa kutoka miti mingi ya shamba moja, wakazikata katikati kwa panga, wakapima unene wa ganda kwa rula, wakagawa miti katika makundi, kisha wakalinganisha hesabu yao na uwiano wa 1:2:1. Mara nyingi uwiano hautalingana sawasawa, na hapo ndipo mwalimu wa hesabu anapoingia kueleza kwa nini sampuli ndogo hupotoka, na kwa nini miti iliyopandwa kutokana na miche ya kununua haiwezi kufuata uwiano huo.

Kemia huanza pale mikungu inapofika kwenye kinu. Mikungu ikikatwa huachwa kwa siku kadhaa ili kokwa ziachie kwa urahisi, kisha kokwa huchemshwa, hupondwa, na mafuta hukamuliwa kwa mashine ya mkono au ya injini, yakachemshwa tena na kuenguliwa juu ya maji. Wakati kokwa zikingoja, hasa zilizochubuka, kimeng'enya kiitwacho lipasi huanza kuyavunja mafuta na kutoa asidi huru, ambayo ndiyo huyapa mawese ya zamani ukakasi na kuyashusha bei. Kuchemsha hukizuia kimeng'enya hicho, hivyo kila siku ya kusubiri bila kuchemsha ina gharama yake. Darasa linaweza kuchukua kokwa za mkungu mmoja, kukamua fungu la kwanza siku ya kwanza, la pili siku ya tatu na la tatu siku ya sita, kisha kupima asidi ya kila fungu kwa kuyeyusha mafuta katika spiriti iliyopashwa ndani ya maji ya moto, mbali na mwali, na kudondosha mmumunyo hafifu wa soda kali mpaka kiashiria kigeuke rangi ya waridi. Idadi ya matone inayohitajika hupanda jinsi siku zinavyozidi, na grafu inayotokana nayo ni ushahidi ambao mwenye kinu yeyote ataukubali.

Kutoka hapo njia ya kwenda kwenye sabuni ni fupi, kwa kuwa mafuta yakichanganywa na soda kali hutoa sabuni na gliserini. Kazi hiyo ifanywe mbele ya mwalimu, macho na mikono ikiwa imefunikwa, na soda ndiyo imwagwe polepole ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, kwa sababu joto linalotoka huweza kurusha mchanganyiko usoni. Ujasiriamali nao hupata mada yake: dumu la lita 20 lina bei moja wakati wa mavuno na bei nyingine wakati wa uhaba, na mwanafunzi anayeandika gharama za kokwa, kuni, ukamuaji, usafiri wa barabara ya Bujumbura na mafuta yanayoharibika ghalani, ataona mwenyewe faida inabaki mkononi mwa nani. Mara nyingi haibaki mkononi mwa mwenye shamba. Somo la ujasiriamali linaloogopa kulisema hilo limebaki kuwa hotuba.

Ziwa

Ziwa Tanganyika linapakana na nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na kina chake cha juu kabisa, kinachokaribia mita 1,470, huliweka la pili duniani baada ya Baikal. Kwa mwanafunzi, tarakimu yenye maana zaidi ni nyingine: oksijeni hupatikana katika tabaka la juu tu, hadi mita 100 hivi upande wa kaskazini, na maji yote yaliyo chini ya hapo hayawezi kumhifadhi samaki. Pepo za kusini-mashariki, zinazovuma takriban kuanzia Mei hadi Septemba, hulitikisa ziwa na kupandisha virutubisho kutoka chini. Virutubisho hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea hulisha wadudu wadogo wa majini, nao hulisha ndagala, na ndagala hulisha mukeke, ambao Kigoma huitwa migebuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulieleza kwamba maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kugoma kuchanganyika na ya chini, na ukakadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo midogo ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa karibu asilimia 30 wa mavuno ya samaki.

Wavuvi wa Rumonge na Nyanza-Lac wanaijua nusu ya habari hiyo bila kitabu. Wanajua kwamba ndagala hufuata taa usiku wa giza na kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa hakuna haja ya kutoka. Wanajua pepo zikianza. Na wanajua kwamba samaki wamepungua, ingawa wengi huona sababu ni nyavu za matundu madogo peke yake. Mvuvi akialikwa darasani kueleza, na mwalimu akawa na ramani ya tabaka za maji ubaoni, maarifa mawili hukutana na kila moja hulisahihisha jingine. Mwaliko wa namna hiyo una manufaa mengine: kipindi cha kufunga uvuvi kinapotangazwa, kama Tanzania ilivyofanya upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kijana aliyejifunza mzunguko wa kuzaliana kwa samaki ataweza kulijadili jambo hilo nyumbani kwa hoja.

Jiografia na hesabu zina mada iliyoingia hadi ndani ya nyumba za watu. Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda, na mwaka 2024 yalifunika makazi na mashamba katika sehemu nyingi za mwambao wa Burundi. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulioko Kalemie, upande wa Kongo, kwa hiyo mvua nyingi na uvukizi mdogo hujionyesha kwa haraka kwenye kimo cha maji. Taasisi ya jiografia ya Burundi, IGEBU, hupima kimo hicho, na safu ya tarakimu za miaka inatosha kufundisha wastani, grafu, kiwango cha badiliko na tahadhari ya kutotabiri miaka 20 ijayo kwa kutazama miaka 3 iliyopita.

Mtihani ndio wenye neno la mwisho

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanaweza kufanywa na mwalimu hodari kesho, na baadhi ya walimu wanayafanya. Kinachowazuia wengi ni hofu ya haki kabisa, kwamba wiki mbili zilizotumika kwenye mchikichi ni wiki mbili zilizopotea kwenye kukariri maswali ya miaka iliyopita, na kwamba shule itahukumiwa kwa asilimia ya waliofaulu darasa la 9. Mtaala unaojengwa juu ya umahiri, yaani uwezo wa kutumia maarifa kutatua jambo halisi, hauwezi kuishi chini ya mtihani unaouliza fasili. Mwanafunzi akiulizwa kutaja aina za urithi, atakariri. Akipewa jedwali la unene wa ganda la kokwa za miti 60 ya shamba moja na kuulizwa kama mkulima apande mbegu za shamba hilo, itabidi afikiri, na mwalimu wake itabidi amfundishe kufikiri.

Tanzania iko katikati ya jaribio linalofanana na hilo. Mtaala wake wa sekondari ulitangazwa kuwa wa umahiri tangu mwaka 2005, lakini kwa miaka mingi mitihani na msongamano wa madarasa viliwarudisha walimu kwenye mihadhara na kukariri. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeongeza mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, sambamba na mkondo wa jumla. Burundi inaweza kuutazama mkondo huo kwa makini kabla ya kuuiga, kwa sababu karakana bila vifaa ni jina tu, na mwambaoni ambako vinu vya mawese, mitumbwi na mafundi wa injini wapo tayari, ni rahisi zaidi kumpeleka mwanafunzi kwenye karakana ya watu kuliko kumjengea nyingine tupu shuleni.

Kuna swali moja ambalo watu wa mwambao huliuliza, nalo ni la haki: je, mtoto wa Rumonge akifundishwa mchikichi na ndagala, hatafungiwa Rumonge? Jibu liko katika namna ya kufundisha. Anayejifunza jinsi ya kukamua mawese amejifunza kazi ya mwambao. Anayejifunza urithi, asidi na grafu kupitia mawese amejifunza kitu kitakachomfaa katika chuo kikuu chochote, na mtoto wa Kayanza anaweza kufika hapo hapo kupitia kahawa. Mtihani wa taifa unaweza kuwa mmoja na bado ukaruhusu mifano miwili au mitatu ya kuchagua kwa kila swali la matumizi, mradi umahiri unaopimwa uwe ule ule na alama zigawanywe sawa.

Pendekezo linavyopita

Mtaala wa taifa hubadilishwa na wizara ya elimu, na hakuna shule wala tarafa yenye mamlaka ya kufuta au kuongeza mada kwa uamuzi wake. Shule hata hivyo ina uhuru wa kuchagua mifano, mazoezi, wageni wa darasani na mpangilio wa mada ndani ya muhula, na kamati ya shule, ambamo wazazi wana viti, inaweza kuomba uhuru huo utumike. Jambo likijaribiwa na kuonekana linafaa, mkuu wa shule hulipeleka kwa uongozi wa elimu wa tarafa, na kutoka hapo hufika mkoani na wizarani. Mipaka ya kiutawala imebadilika, kwa kuwa sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na Rumonge, iliyokuwa mkoa tangu mwaka 2015, ikawekwa kwa sehemu kubwa katika mkoa wa Burunga. Kwa hiyo yafaa kuhakikisha kwanza jalada linapelekwa kwenye ofisi gani.

Mapendekezo mengi hukwama si kwa sababu ni mabaya bali kwa sababu yameandikwa kama maombi ya jumla, kwamba mtaala uzingatie mazingira, jambo ambalo hakuna afisa anayeweza kulikataa wala kulitekeleza. Pendekezo lenye nafasi ya kusikilizwa hutaja mada ya muhtasari na darasa lake, hueleza zoezi lililofanywa, idadi ya vipindi lilivyochukua na vifaa vilivyotumika pamoja na bei yake sokoni, na huambatanisha kazi za wanafunzi wenyewe, zilizofaulu na zilizoshindwa. Kwa kuwa wenye neno la mwisho ni watunga mitihani, maswali ya mfano, yakiwa na majibu yake na mgawanyo wa alama, ndiyo yawe kurasa za kwanza za jalada hilo, na maelezo ya malengo yafuate nyuma.